Kabla Hujainuka Kutunza: Ushauri kwa Mgeni wa Taarab ya Vikundi

Kila sikukuu ya Idd inapokaribia huja swali lilelile, kutoka kwa vijana na hata kwa watu wazima waliokulia mbali na pwani: taarab ya ala, ile ya udi na kanuni, bado inapigwa? Na mtu asiyekuwa na mwenyeji aingieje? Inapigwa. Unguja inapigwa na watu wenye shughuli zao za mchana, na mlango wao ni rahisi kuingia kuliko unavyodhani. Lakini nimewaona wengi wakiingia mara moja, wakakaa nusu saa, wakatoka wamechoka na kuhukumu kuwa huu ni muziki wa wazee. Naamini walichokosa ni maandalizi kidogo tu.

Nianze na vikundi vyenyewe, maana ukivielewa, adabu zake nyingi utazijua bila kufundishwa. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni, na aliporudi akawa anapiga katika jumba la mfalme. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaanzisha chama chao wenyewe, Ikhwani Safaa, na chama hicho kiko hai hadi leo. Wengi mjini wanakijua zaidi kwa jina la Malindi. Kilikuwa chama cha marafiki kwanza, mahali pa kukutana jioni, kuzungumza, kisha kupiga ala. Kikundi kingine kikubwa, Culture Musical Club, mizizi yake iko katika harakati za vijana wa miaka ya 1950, kabla ya Mapinduzi ya 1964. Njia zao ni tofauti, lakini vyote viwili huendeshwa na wanachama wanaokutana baada ya kazi. Mpiga fidla unayemwona jukwaani amevaa suti, asubuhi huenda alikuwa darasani akifundisha hesabu, au bandarini, au dukani kwake. Kwa hiyo unapoingia kwenye usiku wao, jihesabu kama uliyekaribishwa barazani kwa watu wanaojuana miaka mingi. Salimia. Usikimbilie kiti cha mbele kabla ya kujua ni cha nani.

Ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaouthamini kuliko yote utakayosoma hapa, ni huu: usianzie kwenye onyesho, anzia kwenye mazoezi. Vikundi hivi hukutana jioni katika nyumba zao za mjini, na katika majuma ya kabla ya sikukuu hukutana mara nyingi zaidi. Uliza mtu yeyote wa Mji Mkongwe mwenye umri wa makamo, atakuelekeza. Fika, piga hodi, amkia wakubwa, jieleze kuwa wewe ni mpenzi wa taarab na unaomba kukaa usikilize. Ukikuta viatu mlangoni, vua vyako. Kaa ukutani, mbali kidogo na wapigaji, na simu yako iwe mfukoni mpaka uombe ruhusa ya kurekodi. Wimbo mpya ambao haujatoka ni siri ya kikundi, na ukionekana umeurusha mtandaoni kabla ya sikukuu, hutakaribishwa tena, na ni haki yao.

Ukifika mapema utamkuta mpiga kanuni peke yake. Mtazame. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu, na kila tatu lazima zitoe sauti moja. Amepakata ala mapajani au ameiweka mezani, ufunguo mkononi, anagusa uzi mmoja, anakaza, anagusa wa pili, anasikiliza, anakaza tena. Hewa ya pwani haina huruma na nyuzi. Alichokaza jana leo kimelegea. Akimaliza huvaa pete mbili kwenye vidole vya shahada, kila pete imebana kijipande kigumu cha kukwaruzia, na mkono wa kushoto huwa tayari kuinua na kushusha vile vipini vidogo vya chuma vinavyobadilisha sauti ya uzi kwa kiasi kidogo sana. Ukishaona kazi hiyo hutalalamika tena kwamba onyesho limechelewa kuanza. Utajua kinachosubiriwa.

Mazoezini pia utasikia kipande kimoja cha wimbo kikirudiwa mara kumi na tano. Hapo ndipo masikio hufunguka. Mara ya kwanza fidla zote utazisikia kwa pamoja; mara ya tano utasikia akodiani inajibu mwishoni mwa sentensi ya fidla; mara ya kumi utamsikia mpiga besi ambaye hukujua hata kama yupo. Utasikia na mabishano yao: huyu anasema ingia baada ya mwimbaji kumaliza, yule anasema ingia pamoja naye. Usichangie. Sikiliza tu. Siku ya onyesho, wimbo huo utakuwa wako, kwa sababu unajua ulikopita kabla ya kufika jukwaani.

Sasa onyesho. Idd zote mbili ndizo nyakati za uhakika, hasa ile ya kumaliza mfungo, kwani mwezi mzima wa Ramadhani ala zilikuwa kimya na watu wana kiu. Harusi nazo ni mahali pa asili pa taarab, ila huko huendi bila mwaliko. Kama ni shughuli ya wanawake, mwanamume hubaki nje hata kama ni shemeji, na wewe dada uliyealikwa usitoe simu kupiga picha. Humo ndani wanawake wamevua mabaibui wakijua wamo peke yao. Picha moja ikitoka inaweza kuleta ugomvi usioisha. Halafu kuna tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Februari na ambalo lilianza 2004. Ni zuri kwa kuonja, lakini jukwaa la tamasha lina saa yake na zamu ni fupi, na wimbo wa taarab uliobanwa ndani ya dakika nne umekatwa pumzi. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua usiku wa kikundi chenyewe.

Tangazo likisema saa mbili usiku, elewa kuwa watu watafika baada ya sala ya Isha na kula. Usije na njaa wala na haraka. Vaa vizuri, hili nalisisitiza kwa vijana. Taarab ni mahali watu hujipamba, wanawake kwa nguo walizoshona makusudi, hina, udi wa kufukiza na asumini, wanaume kwa kanzu au shati lililopigwa pasi. Kuja na kaptura na ndala ni kuwavunjia heshima waliojiandaa kwa ajili yako. Chukua mtandio au koti jepesi ukumbi ukiwa wazi, maana umande huanguka.

Kuhusu pa kukaa, kwepa spika. Kumbi nyingi zina vyombo vya sauti vinavyopandishwa kupita kiasi, na mtu aliyekaa mbele ya spika husikia ngoma na sauti ya mwimbaji tu, huku udi na nai vimemezwa. Tafuta kiti cha pembeni, karibu na jukwaa lakini nyuma kidogo ya mstari wa spika, ambapo sauti ya ala yenyewe inakufikia na unaona mikono ya wapigaji. Nimeona tofauti hiyo peke yake ikimgeuza mtu kutoka mchovu hadi mpenzi.

Usiku huanza na bashrafu, kipande cha ala bila maneno. Watu wengi huitumia kutafuta viti na kuamkiana, na sipendi hivyo. Bashrafu ndipo kikundi kinapokuonyesha kilivyo siku hiyo: kama fidla zimekubaliana, kama mpiga dumbak ana utulivu. Funga mdomo dakika hizo chache. Usijali kama hujui majina ya makamu, yaani ngazi za sauti, Rasti au Bayati au Hijazi. Yatakuja yenyewe kadiri unavyosikia. Kwa usiku wa kwanza fuata ala moja tu, yoyote, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kisha anaingia mwimbaji, na hapo mzigo unahamia kwenye maneno. Hii ni zawadi tuliyopewa na Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, na ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Aliimba kwa Kiswahili, na tangu wakati huo msikilizaji wa taarab amekuwa mwamuzi wa maneno sawa na sauti. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Usome kabla ya kwenda, ni kitabu kifupi na kitakupa picha ya mji huo ulivyokuwa ukipokea nyimbo.

Maneno ya taarab mara nyingi huja kwa beti za mistari mitatu, kila mstari una vipande viwili vya mizani nane nane, vina katikati na mwisho. Ukishalijua hilo utaanza kutabiri kina kinachokuja, na furaha kubwa iko hapo, kwenye kungoja neno ambalo hujui ni lipi lakini unajua litaishia vipi. Mwimbaji mzuri anajua unangoja. Atalivuta, atawaachia fidla, atarudi tena nusu mstari, ndipo alitoe. Wimbo mmoja ukichukua dakika 10 au 15, hakuna kilichopotea humo.

Halafu kuna fumbo. Mtunzi akiimba chombo kilichokwenda mrama au tunda lililoliwa na popo, ukumbi mzima haufikirii bahari wala shamba. Kuna anayesemwa. Wakati mwingine ni mapenzi ya mtunzi mwenyewe, wakati mwingine ni siasa, wakati mwingine ni jambo la mtaani ambalo wenyeji wanalijua na wewe hulijui. Usione haya kumuuliza jirani yako taratibu, baada ya wimbo kwisha. Mama wa makamo aliyekaa karibu nawe ndiye mwalimu bora utakayempata, mwambie tu, “Samahani bi mkubwa, mimi mgeni, wimbo huu unakusudia nini?” Atakueleza na zaidi. Lakini asipotaka kueleza, acha hapohapo. Huenda anayesemwa amekaa safu ya pili.

Hilo linanifikisha kwenye kutunza, ambako wageni wengi huteleza. Wimbo ukifika pazuri, mwanamke huinuka. Hatembei kama anayekwenda dukani. Anaingia kwenye mdundo, hatua fupi, mabega yanatikisika kidogo, noti ameishika juu kati ya vidole viwili ili ionekane. Wengine wanaungana nyuma yake mpaka unakuwa mstari. Akifika kwa mwimbaji anamwekea noti mkononi, pengine anasimama hapo akicheza ubeti mzima huku akimtazama, kisha anazunguka na kurudi kwa mwendo uleule. Mwimbaji haachi kuimba. Fedha inakwenda kwenye sahani au kwenye sanduku la kikundi, kwa utaratibu wao.

Kabla hujafika ukumbini, vunja fedha. Noti za elfu moja na elfu mbili, kadhaa. Ukitunza mara nne kwa noti ndogo umeshiriki usiku mzima. Ukitoa noti moja kubwa mara moja umemaliza. Usirushe fedha, usiibandike kwenye uso wa mwimbaji, na usipande jukwaani ukaanza kupiga naye picha. Na hili la muhimu zaidi: kuinuka kwako kwenye ubeti fulani kunasomwa. Ukitunza pale wimbo unapomsuta mke mwenza au jirani mnafiki, macho yatatafuta nani unayemlenga, hata kama wewe ulipenda sauti tu. Kwa mgeni ni salama kutunza kwenye kiitikio, au mwanzoni sauti inapoingia, au kumtunza mpiga ala anapopewa nafasi ya peke yake. Wapiga kanuni na udi hutunzwa mara chache mno, na mimi naona ni dhuluma. Ukimpelekea noti mpiga kanuni baada ya taksimu nzuri, pale anapopiga peke yake, ukumbi utakupenda.

Nije kwenye jambo linalowakwaza waliozoea rekodi za studio. Hivi ni vikundi vya ridhaa. Fidla moja itateleza. Msichana anayeimba hadharani kwa mara ya kwanza atasahau ubeti wa tatu na kuurudia wa pili. Maikrofoni italia. Uvumilivu wako hapo unahesabika kama mchango. Wapenzi wa siku nyingi wana desturi nzuri sana: mwimbaji mpya akiyumba, wao ndio huitikia kwa sauti kubwa zaidi, na mmoja huinuka mapema kumtunza ili apate moyo. Fanya vivyo hivyo. Waimbaji tunaowaheshimu leo kila mmoja aliwahi kuwa yule msichana. Wala usimlinganishe na Bi Kidude, aliyefariki 2013 akiwa ameimba kwa miongo mingi. Ukimkumbuka Bi Kidude, kumbuka pia kwamba alikuwa mpigaji wa ngoma za unyago, na kwamba nguvu ile ya sauti ilitoka kwenye shughuli za watu, mbali na majukwaa ya nje yaliyomjua baadaye.

Kama mwili wako hautaki kukaa, nenda kidumbaki. Ni ndugu wa taarab, wa uwanjani na harusini, na hapo kucheza ni lazima. Fidla moja inaongoza, ngoma mbili ndogo, cherewa na mkwasa vinachemsha, na chini kabisa kuna sanduku: kasha la mbao limegeuzwa, fimbo imesimamishwa ukingoni, uzi mmoja umefungwa kutoka ncha ya fimbo hadi katikati ya kasha. Mpigaji anavuta fimbo nyuma, uzi unakaza, sauti inapanda. Anairegeza, sauti inashuka. Hana alama yoyote ya kumwonyesha wapi sauti iko, anaitafuta kwa bega na sikio. Simama karibu naye dakika tano. Kidumbaki hakina viti vya wageni wa heshima, na maneno yake ni makali zaidi, yanaunganishwa wimbo juu ya wimbo bila kupumzika. Njoo na viatu vyepesi.

Nitapita haraka kwenye taarab ya kisasa, ile ya vinanda vya umeme na magitaa iliyoshika kasi miaka ya 1990 na mipasho yake ya wazi. Ina wapenzi wake na ina waimbaji wenye sauti kubwa. Ila ukiingia kwenye usiku wa kikundi cha ala ukitarajia ile, utaona kila kitu kinakwenda polepole. Nenda ukijua unakokwenda.

Na kama hauko Unguja? Mombasa ina njia yake, yenye ala chache, udi mbele, na mashairi yaliyopikwa Lamu na Mvita. Sikiliza marehemu Zein l'Abdin upate ladha hiyo kabla ya kutafuta harusi ya kualikwa. Tanga ilikuwa na Black Star, kikundi kilichobadilisha mwendo wa taarab ya bara kwa gitaa na mdundo wa kuchezeka, na nyimbo zake bado zinaimbwa. Dar es Salaam ilikuwa na vikundi vya Egyptian na Al-Watan. Kwa aliye mbali kabisa, ipo albamu ya kwanza ya mfululizo wa Zanzibara, iliyotolewa Ufaransa 2005 kuadhimisha miaka 100 ya Ikhwani Safaa. Isikilize kwa utulivu, wimbo mmoja kwa usiku, huku ukijaribu kuandika maneno kwa mkono. Mtu aliyeandika nyimbo tano kwa namna hiyo hafiki ukumbini kama mgeni.

Wapo watakaotaka zaidi ya kusikiliza. Usiombe kuimba. Omba kuitikia, au kushika rika, lile tari dogo, na kujifunza kushika mdundo bila kukimbia. Kila kikundi kinahitaji waitikiaji wanaohudhuria, na mwaka mmoja wa kuitikia utakufundisha nyimbo 30 bila daftari. Anayetaka kujifunza ala kwa mpango, Zanzibar kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, ambacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kimewafundisha vijana udi, kanuni na fidla, wakiwemo wasichana. Kwa muda mrefu ala ziliachiwa wanaume na wanawake wakabaki kwenye kipaza sauti. Siku hizi kuna kikundi cha wanawake watupu, Tausi, kilicholelewa na Maryam Hamdani, ambamo kila ala iko mikononi mwa mwanamke. Mpeleke binti yako akakione. Mtoto wa miaka minane anaweza kukaa onyesho zima kama amelala mchana na amekaa mahali anapoona ngoma.

Mwisho, fedha za kikundi. Kiingilio ni kidogo na kinagawanywa kwa watu ishirini na zaidi, baada ya ukumbi, umeme na usafiri. Lipa kiingilio hata kama unamjua aliye mlangoni. Kikiuza rekodi zake, nunua kwao. Na ukiwa na safari ya nje, au ndugu anayekuja kutoka Misri, Muscat au Istanbul, nenda mazoezini kabla ya safari uwaulize mpiga kanuni na mpiga udi wanahitaji nyuzi gani. Andika sawasawa wanavyokutajia, namba na unene, kwa sababu nyuzi za udi na za kanuni haziingiliani, na pakiti isiyo sahihi itakaa kabatini. Nyingi ni nyepesi, zinaingia kwenye mfuko wa pembeni wa begi.